Swali, hati, kamati au tume? Pa kuanzia ukitafuta habari za ujira, reli na ujenzi katika Bunge la Kanada la mwanzo

Anayetaka kujua kibarua wa reli ya Intercolonial alilipwa kiasi gani mwaka 1883, au nani alipewa kazi ya kujenga gati la kijiji fulani cha Nova Scotia, ana milango kadhaa ya kubisha katika kumbukumbu za Bunge la Kanada: swali la mbunge, hoja ya kuomba hati, kamati za Bunge na tume za uchunguzi. Kumbukumbu zenyewe ziko mtandaoni bure, kwa Kiingereza na Kifaransa, kuanzia mwaka 1867. Kwa hiyo kazi si kuzipata. Kazi ni kujua ubishe wapi, maana mlango usio wenyewe utakula wiki nzima na kukurudisha mikono mitupu.

Wengi huanza na maswali, kwa kuwa ni mafupi na Hansadi, yaani kumbukumbu ya mijadala neno kwa neno, inatafutika kwa neno. Kwa habari za ujira, hapo ndipo pabaya pa kuanzia, isipokuwa pale serikali ilipokuwa yenyewe mwajiri. Ndiyo maana kabla ya kuchagua kati ya swali na hati, tungeuliza jambo jingine.

Orodha ya malipo ilikuwa ya nani?

Chukua reli mbili. Intercolonial ilijengwa na serikali kwa sharti lililoandikwa katika kifungu cha 145 cha sheria ya muungano wa 1867. Treni zilianza kupita njia nzima kati ya Halifax na Rivière-du-Loup Julai 1876, na serikali ikaiendesha yenyewe, ofisi kuu ikiwa Moncton. Mtunza njia, karani wa stesheni na fundi wa karakana wote walikuwa watu wa serikali. Waziri akiulizwa wanalipwa nini, aliweza kujibu hadi senti, kwa sababu daftari lilikuwa la wizara yake.

Canadian Pacific ni habari nyingine. Mkataba ulioidhinishwa na Bunge Februari 1881 uliipa kampuni dola milioni 25 na ekari milioni 25 za ardhi. Fedha zilipangwa kwa maili: dola 10,000 kwa kila maili ya zile 900 za kwanza za sehemu ya kati, dola 13,333 kwa maili 450 zilizofuata, na dola 15,384.61 kwa kila maili ya sehemu ya mashariki, kaskazini mwa Ziwa Superior. Tazama hizo senti 61. Waziri angeweza kukueleza maili ngapi zimekubaliwa na mhandisi wa serikali, dola ngapi zimetolewa na ekari ngapi zimekatwa. Ujira wa mtu mwenye sururu ulikuwa baina yake na mkandarasi mdogo aliyepewa kazi na mkandarasi mkubwa aliyepewa kazi na kampuni. Mbunge akiuliza, jibu lilikuwa kwamba serikali haina taarifa, na mara nyingi lilikuwa la kweli.

Kati ya hizo mbili kuna sehemu ya British Columbia, kutoka Port Moody kupanda bonde la mto Fraser. Hapo serikali ndiyo iliyotoa mikataba, kwa Andrew Onderdonk, kwa hiyo hati za zabuni ni tele. Lakini ni hati za bei ya kazi: kiasi kwa kila yadi ya ujazo ya mwamba uliovunjwa, kiasi kwa udongo, kiasi kwa mbao za daraja. Wasomaji wageni hukosea hapa kila mara. Wanaona bei ya mwamba kwa yadi na kuigeuza kuwa ujira. Ndani ya bei hiyo kuna baruti, vifaa, chakula, riba ya benki, faida, na hasara ya mkandarasi aliyeweka bei ya chini mno ili ashinde.

Kwa majengo ya umma (magati, mifereji, posta, ofisi za forodha) mgawanyo ni uleule ndani ya wizara moja. Kazi ilifanywa kwa mkataba au kwa vibarua wa siku walioajiriwa na wizara chini ya msimamizi wake. Ya mkataba inakupa jina moja na jumla moja. Ya vibarua wa siku inaweza kukupa majina, siku na senti. Kabla hujasoma jambo lolote kuhusu gati lako, jua hilo kwanza. Swali la Bunge linalifaa jambo hilo vizuri kabisa, kwa kuwa jibu lake ni neno moja.

Swali na hoja ya hati, ubavu kwa ubavu

Kanuni za 1867 zilimtaka mbunge atoe notisi ya siku mbili. Swali lilichapwa katika orodha ya shughuli. Halikuruhusiwa kubeba hoja wala maoni, na mambo ya hakika yaliingizwa tu kwa kadiri ya kulifanya lieleweke. Waziri alijibu, basi, bila mjadala. Wanaosikiliza Bunge la Dodoma au la Nairobi wamezoea utamu wa swali la nyongeza. Kanuni hizi hazikutoa nafasi kwa swali hilo. Kwa hiyo mbunge mjanja alivunja swali lake vipande vyenye namba, ili waziri asiruke kipande bila kuonekana. Huu ni mfano tuliouunda sisi, kwa umbo la kawaida la wakati huo:

1. Je, gati la mahali fulani linajengwa kwa mkataba au kwa vibarua wa siku?
2. Msimamizi ni nani, na analipwa kiasi gani kwa siku?
3. Ni vibarua wangapi waliajiriwa kati ya 1 Julai na 31 Desemba?
4. Walilipwa kiasi gani?
5. Je, serikali inajua kwamba baadhi yao hawajalipwa hadi leo?

Kipande cha kwanza na cha pili hupata majibu safi. Cha tatu hupata namba, ila hujui kama ni watu tofauti au ni jumla ya siku-watu. Cha nne ndicho kinachoponza, kwani waziri anaweza kusema walilipwa ujira wa kawaida wa eneo hilo, na kanuni imemtosheleza. Cha tano hujibiwa "hapana", na hiyo "hapana" maana yake ni kwamba wizara haijapokea barua. Haimaanishi kuwa watu wamelipwa.

Hoja ya hati ilikwenda mbali zaidi. Mbunge aliomba nakala ya zabuni zote, mkataba, barua, taarifa za mhandisi na orodha za malipo za kazi fulani kati ya tarehe mbili. Karatasi za wizara ziliombwa kwa amri ya Bunge. Zile zilizogusa mamlaka ya Taji, kwa mfano maamuzi ya Baraza la Mawaziri au barua kati ya serikali kuu na za majimbo, ziliombwa kwa anwani, yaani ombi rasmi la Bunge, kwa Gavana Mkuu. Tofauti hii si ya adabu tupu. Faharasa huzitenga, na mtu anayetafuta upande wa amri peke yake huikosa nusu ya barua. Faida nyingine ni kwamba hoja, tofauti na swali, iliweza kujadiliwa, na mtoa hoja alieleza sababu zake. Mara nyingi ni hotuba hiyo fupi inayotaja malalamiko ya watu wa jimbo lake, siyo hati iliyokuja baadaye.

Ubaya wa njia hii una sura mbili. Wa kwanza ni muda: makarani walinakili kwa mkono, na hati iliyoombwa Machi ingeweza kuwekwa mezani Mkutano uliofuata, mwaka mzima baadaye. Usiitafute katika juzuu la mwaka wa hoja tu. Wa pili unaumiza zaidi. Hati zilizowasilishwa mezani zilikusanywa kila mwaka katika majuzuu ya Hati za Mezani, tangu mwanzo hadi 1925, kila moja na namba yake, na nyongeza zake zikipewa herufi. Ila si zote zilizochapwa. Kamati ya pamoja ya uchapishaji ilipitia kila moja na kuamua kama inafaa gharama, na zisizochapwa zimebaki kama mstari mmoja katika orodha ya mwanzo wa juzuu, wenye alama kwamba hazikuchapwa. Nakala zake za mkono zilikaa katika jengo la Bunge, na jengo hilo liliungua usiku wa 3 Februari 1916. Nyingi ziliteketea. Ukikuta mstari huo na tarehe ni ya kabla ya moto, usipoteze siku. Nenda kwenye Kamati ya Matumizi au kwa Mkaguzi Mkuu, kama tutakavyoeleza.

| Njia | Inakupa | Inakosa | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|
| Swali | Jina, tarehe, jumla, ndiyo au hapana | Sababu, vipimo, makato | Kujua kazi ilikuwa ya mkataba au ya vibarua |
| Hoja ya hati | Barua, zabuni, wakati mwingine orodha ya malipo | Mara nyingi haikuchapwa | Kazi moja kwa undani |
| Kamati ya Matumizi | Majibu ya papo kwa papo | Faharasa yake ni mbovu | Magati, posta, mifereji |
| Kamati ya uchunguzi | Ushahidi, vitabu vya wakandarasi | Kibarua hutajwa kwa kupita | Zabuni na rushwa |
| Tume | Maneno ya wafanyakazi wenyewe | Eneo na mada ni finyu | Ujira, makato, hali ya kambi |

Kama ni lazima uchague kati ya mbili za juu: swali kwa Intercolonial, hoja ya hati kwa kila kitu kingine. Na ukiona swali limejibiwa kwa kusema kwamba jibu ni refu na litaletwa kama hati, acha Hansadi papo hapo uhamie Hati za Mezani.

Kamati ya Matumizi, isiyosomwa

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa nini hutokea Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi na mbunge akashika shilingi ya waziri. Ottawa ilifanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. Kila fungu la makadirio liliitwa, na upinzani uliweza kulizuia mpaka maelezo yatolewe. Waziri alikuwa na ofisa wa wizara aliyekaa mbele yake na mafaili, akimnong'oneza. Hakuna notisi ya siku mbili, hakuna jibu lililoandaliwa na karani usiku uliotangulia. Mtu anauliza gati hili lina urefu gani, anaambiwa. Zabuni zilikuwa ngapi, anaambiwa. Kwa nini ya chini ilikataliwa, waziri anaanza kukohoa.

Kwa majengo ya umma tungeweka njia hii juu ya nyingine zote. Haipendwi kwa sababu faharasa huiorodhesha kwa jina la fungu (bandari na mito ya Nova Scotia, kwa mfano), si kwa jina la kijiji. Dawa ni kwenda kinyumenyume. Kwanza pata mwaka ambao fedha za gati lako ziliombwa, kupitia makadirio ya mwaka yaliyochapwa. Kisha tafuta siku ambazo Bunge lilikaa kupitisha mafungu ya ujenzi, kwa kawaida kuelekea mwisho wa Mkutano, usiku sana, wabunge wakiwa wamechoka na maneno yakiwatoka bila breki.

Sambamba na hilo, soma taarifa ya Mkaguzi Mkuu. Ofisi hiyo ilitengwa na wizara kwa sheria ya 1878, na aliyeikalia tangu mwaka huo hadi 1905, John Lorn McDougall, alichapa malipo kwa undani wa kuchosha: jina la aliyelipwa, siku, kiwango, misumari, kamba, chai. Kwa kazi za vibarua wa siku, kitabu hiki hulipa deni ambalo swali la Bunge liliacha.

Tahadhari moja ya mahesabu. Mwaka wa fedha wa Kanada uliishia 30 Juni hadi 1906, kisha ukahamishiwa 31 Machi. Mwaka ulioishia Machi 1907 una miezi tisa tu. Kila mara hutokea mtu akaandika kwamba matumizi ya wizara fulani yaliporomoka ghafla mwaka huo.

Kamati ya uchunguzi au tume?

Zote mbili huita mashahidi, na zote mbili hutoa majuzuu mazito, kwa hiyo huchanganywa. Kamati ni ya wabunge, wengi wao wa chama tawala, na hufa Mkutano wa Bunge ukifungwa. Tume huteuliwa na serikali na inaweza kukaa popote kwa muda mrefu. Mwanzoni kulikuwa na tofauti nyingine kubwa. Aprili 1873, mbunge wa upinzani Lucius Seth Huntington alipodai kwamba kandarasi ya reli ya Pasifiki ilihusishwa na fedha za uchaguzi kutoka kwa Sir Hugh Allan, kamati iliundwa, Bunge likapitisha sheria ya kuiwezesha kuapisha mashahidi, na London ikaifuta sheria hiyo. Kazi ikaishia kwa tume ya majaji watatu, ambayo ilikuwa na uwezo wa kuapisha, na serikali ya Waziri Mkuu Macdonald ikajiuzulu 5 Novemba mwaka huo. Uingereza ilirekebisha jambo hilo 1875. Kwa hiyo ushahidi wa kamati wa kabla ya hapo uupime ukijua kwamba msemaji huenda hakuwa chini ya kiapo.

Kamati huonyesha nguvu zake kwenye zabuni. Mei 1891 Joseph Israël Tarte alisoma bungeni mashtaka dhidi ya mbunge mwenzake, Thomas McGreevy, kuhusu kazi za bandari ya Quebec na kampuni ya Larkin, Connolly. Kamati ilipekua vitabu vya wakandarasi. Hadi Septemba McGreevy alikuwa amefukuzwa bungeni na waziri wa ujenzi, Hector Langevin, alikuwa amejiuzulu. Ukitaka kujua zabuni ilivyochezewa, namba zilivyobadilishwa kati ya bahasha na mkataba, hakuna swali la Bunge litakalokaribia ushahidi huo. Ukitaka kujua mpiga mbizi au mchimba matope alilipwa nini, utapekua mamia ya kurasa kwa mistari michache.

Kuna kesi moja ambapo kamati na ujira vilikutana: madaraja ya mfereji wa Lachine huko Montreal, 1893. Serikali ilimwajiri mkandarasi alete vibarua na mafundi kwa bei ya saa. Yeye aliwalipa kiwango kimoja akaitoza wizara kingine, na daftari la mahudhurio lilijaa saa ambazo haikuwezekana kuwa zimefanywa kazi. Uchunguzi wa wizara ulifuatwa na Kamati ya Hesabu za Serikali mwaka 1894. Hapo ndipo utaona viwango viwili vya mtu mmoja, ubavu kwa ubavu, jambo ambalo hati nyingine za kipindi hicho hulificha.

Tume nazo zichaguliwe kwa eneo. Ile ya Uhusiano wa Kazi na Mtaji, iliyoundwa mwishoni mwa 1886 na kutoa taarifa 1889, ndiyo kubwa kuliko zote: mashahidi wapatao 1,800, maswali na majibu yamechapwa, na baadhi ya wafanyakazi waliruhusiwa kutotajwa jina kwa kuhofia waajiri. Humo mna ujira wa siku, faini, malipo ya wiki na ya mwezi, na madeni ya duka la kampuni. Lakini ilikaa Ontario, Quebec, New Brunswick na Nova Scotia pekee. Mtu wa British Columbia ataifungua bure.

Kwa huko magharibi kuna tume ya 1884 na 1885 kuhusu uhamiaji wa Wachina, chini ya J. A. Chapleau na J. H. Gray. Kiwango kinachonukuliwa sana kwa vibarua wa Kichina wa Onderdonk ni dola moja kwa siku, ikishuka hadi senti 80 kama hawakununua chakula katika duka la kampuni, huku wazungu wakianzia kama dola 1.50. Soma taarifa hiyo ukijua swali lililoiunda lilikuwa Wachina wazuiwe au wasizuiwe. Wachina wenyewe karibu hawakuulizwa. Mwaka huohuo wa 1885 Bunge liliweka kodi ya kichwa ya dola 50 kwa Wachina wanaoingia nchini. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka reli ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria muongo uliofuata, iliyojengwa na wafanyakazi wa mkataba kutoka India na kuulizwa maswali katika Bunge la London. Huko pia sauti ya anayebeba taruma huja kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Tume ndogo tunayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kambi za reli ni ile ya mwanzo wa 1898 kuhusu njia ya Crow's Nest Pass. Mwaka 1897 Canadian Pacific ilikubali kupunguza nauli za mizigo, na serikali ikaahidi ruzuku ya hadi dola 11,000 kwa maili. Watu waliajiriwa mashariki, wakapelekwa mlimani, na nauli ya safari ikakatwa kwenye ujira wao, pamoja na chakula na daktari. Hapo utaona jinsi ujira mzuri wa karatasi unavyoyeyuka kabla haujafika mkononi. Kwa kuwa kulikuwa na ruzuku, Bunge lilipata pa kuibana serikali, ingawa reli ilikuwa ya kampuni.

Baada ya 1900

Mwaka huo mizani inageuka. Tarehe 17 Julai 1900 Bunge lilipitisha azimio la ujira wa haki, lililoletwa na Postamasta Mkuu William Mulock: mikataba ya serikali izuie ubaya unaotokana na kugawa kazi kwa wakandarasi wadogo, na mfanyakazi alipwe ujira unaotambulika kwa fani yake katika wilaya ya kazi. Liligusa pia kazi zilizosaidiwa kwa fedha za umma, yaani reli za ruzuku. Idara ya Kazi ikaundwa, na kuanzia Septemba 1900 ikatoa gazeti lake la kila mwezi, likihaririwa na kijana aitwaye Mackenzie King. Humo huchapwa mikataba ya serikali pamoja na jedwali la ujira: seremala, mwashi, mpiga rangi, kibarua wa kawaida, mwenye farasi mmoja na mkokoteni, kila mmoja na kiwango chake cha siku na saa za siku hiyo.

Kwa kazi za baada ya 1900, basi, anza na gazeti la Idara ya Kazi. Bunge liwe la pili. Ukiingia Hansadi, tafuta kwa jina la mbunge kuliko neno: Arthur Puttee wa Winnipeg, mchapaji aliyechaguliwa Januari 1900, na Alphonse Verville wa Maisonneuve, fundi bomba aliyeingia 1906 na kupigania siku ya saa nane katika kazi za umma. Hao waliijua kazi, kwa hiyo waliuliza maswali yasiyoweza kujibiwa kwa "ujira wa kawaida".

Ila kumbuka jedwali ni kima kilichoandikwa kwenye mkataba. Kama kililipwa ni swali jingine, na hapo ndipo malalamiko ya bungeni yanarudi kuwa na faida.

Mitego ya kutafuta

Wizara zilihama. Hadi 1874 Intercolonial ilikuwa chini ya makamishna wake. Kisha ikawa chini ya wizara ya ujenzi. 1879 wizara ikagawanyika, reli na mifereji kwa Charles Tupper, majengo kwa Langevin. Kati ya 1873 na 1878 waziri wa ujenzi alikuwa Waziri Mkuu mwenyewe, Alexander Mackenzie, aliyewahi kuwa mwashi. Ukitafuta waziri wa reli kwa miaka hiyo hutampata.

Hansadi rasmi ya Bunge la Wananchi (House of Commons) inaanza 1875. Mijadala ya 1867 hadi 1874 imeunganishwa baadaye kutoka magazetini, kwa hiyo maswali madogo ya gati na posta mara nyingi hayamo. Tumia Majarida ya Bunge, yaani kumbukumbu rasmi za shughuli za kila siku, ambayo angalau huandika kila hoja ya hati. Katika majuzuu mengi ya miaka ya 1890 na mwanzo wa 1900 namba ni za safu, mbili kwa ukurasa. Mtu akikutajia 2466, usifungue ukurasa wa 2466.

Majina nayo yanabadilika. Prince Arthur's Landing ndiyo Port Arthur, leo sehemu ya Thunder Bay. Gati moja huitwa wharf mwaka huu, pier mwaka ujao, na breakwater mhandisi akipenda. Tafuta yote matatu.

Ukikutana na wingi wa maswali kuhusu kufukuzwa kazi kwa watunza njia na mapostamasta baada ya Julai 1896, au tena baada ya Oktoba 1911, usidhani kulitokea msukosuko wa ajira. Serikali ilibadilika, waliopewa kazi na chama kilichotoka wakaondolewa, na wapinzani wapya wakauliza mmojammoja. Hati za kufukuzwa za baada ya 1911 ni nyingi kupindukia na karibu zote hazikuchapwa, lakini mstari wake katika orodha hutaja jina, kazi na mahali. Kwa anayetafuta babu aliyefanya kazi kwenye reli ya serikali, mstari huo mmoja unaweza kutosha kumfungulia taarifa ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka uliotangulia, ambako mshahara wake umeandikwa.